Kiwambo cha Kompyuta na Lita ya Dizeli

Mkazi wa Mpanda hahitaji kufundishwa kwamba umeme una gharama. Kwa miaka mingi mji huo ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea mitambo ya dizeli ya TANESCO. Mtambo wa namna hiyo huchoma kati ya robo na theluthi ya lita ili kuzalisha uniti moja. Hata baada ya kujengwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora, uniti hununuliwa kwa LUKU, na shule isiyofikiwa na nguzo hutegemea betri za sola.

Hata hivyo, katika maabara ya kompyuta jambo hili husahaulika kwa urahisi. Kipindi kinapokwisha, viwambo huachwa vikiwaka huku picha za rangi zikielea juu yake, na watu wengi hudhani kuwa picha hizo huokoa umeme. Dhana hiyo ni potofu. Picha hizo zilikusudiwa kulinda viwambo vya zamani vya mrija, ambavyo fosfa yake iliungua pale maandishi yalipokaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Kiwambo bapa cha leo hutumia sehemu kubwa ya umeme wake kuwasha taa iliyo nyuma ya kioo, na taa hiyo huendelea kuwaka wakati picha zikicheza. Kinachookoa umeme ni usingizi wa kiwambo: kompyuta ikikatiza ishara ya picha, taa huzimika, na matumizi hushuka kutoka wati 25 hivi hadi chini ya wati 1. Utaratibu huo ulienea baada ya Marekani kuanzisha alama ya Energy Star mwaka 1992.

Viwambo 20 vya wati 25 vikiachwa hivyo saa 2 kila siku, hula uniti 1. Kwa siku 20 za masomo ni uniti 20, ambazo kwa mtambo wa dizeli ni lita 5 au zaidi, pasipo mtu kusoma hata neno moja.

Mwangaza nao una hesabu yake. Karatasi nyeupe ishikwe kando ya kiwambo, kisha mwangaza upunguzwe hadi weupe wa viwili hivyo ulingane. Macho hupumzika na wati hupungua. Kontrasti hubadili tofauti ya weusi na weupe tu, wala haipunguzi taa ya nyuma. Jua la kiangazi likiingia dirishani, yafaa kiwambo kigeuzwe kabla ya kuongezewa mwangaza.

Wapo wanaoona heri mwanafunzi akatazwe kugusa vitufe hivyo, asije akaharibu mali ya shule. Hofu hiyo inaeleweka, kwani vifaa ni vichache. Lakini kitufe cha mwangaza hakiharibu kitu, na kiwambo huweza kurudishwa katika hali yake ya awali. Anayekatazwa hujifunza kwamba umeme ni shauri la mwenye funguo. Afadhali apewe kazi ya kupima. Mita ya LUKU ina taa ndogo inayomweka, na idadi ya mimweko kwa uniti huandikwa juu yake. Darasa lihesabu mimweko kwa dakika 10 viwambo vikiwaka, kisha dakika 10 vikiwa vimelala, pasipo kugusa vifaa vingine. Hilo ni somo kamili la nishati lisilodai kununua chochote.

Katika shule yenye betri za sola, faida yake huonekana siku hiyo hiyo: umeme uliookolewa mchana ndio taa ya kujisomea usiku.