Kupita Siyo Kufika: Masaa 11 Nairobi Yameishia kwenye Selfi?

Wiki haiishi bila staa fulani kutupia picha akiwa uwanja wa ndege. Pasipoti mkononi, kikombe cha kahawa, miwani ya jua ndani ya jengo, na chini yake jina la jiji. Mashabiki wanamwaga makopa, "hatari sana dada". Baada ya muda ameshapanda ndege nyingine, hajakanyaga hata lami ya jiji lenyewe. Mwisho wa mwaka jiji hilo nalo linaingia kwenye hesabu ya "nchi nilizotembea".

Hiyo ya mastaa ni biashara yao, waacheni wale bata. Shida ni vijana wa kawaida wanaoiga bila kujua wanachokosa.

Mchukue kijana mmoja wa Mugoma, kule Ngara. Kapata nafasi ya kusoma Ulaya, na ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Nyumbani watu wamejichanga, kahawa imeuzwa, mbuzi wametoka zizini. Basi mpaka Dar, ndege mpaka Nairobi, halafu kusubiri masaa 11 ndege ya usiku. Masaa yote hayo kayamaliza kwenye kiti cha chuma, simu ikiwa kwenye chaji, picha imeshapanda: "Nairobi tupo!"

Picha hiyo ikamfikia shangazi yake. Kumbe shangazi anaishi Embakasi, mtaa ulio jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Tangu aolewe huko ni miaka mingi, na mtoto wa kaka yake alimwacha akiwa anatambaa. Hakugomba. Alipiga tu simu Mugoma akauliza, "Kwani mtoto alikuwa na haraka gani?" Baba mtu akakosa jibu.

Wapo watakaomtetea kijana, na hoja wanazo. Kuachwa na ndege siyo mchezo, hasa kama tiketi ni jasho la ukoo mzima. Hela ya matumizi ni ndogo. Halafu kuna ile hofu isiyosemwa, kuonekana mshamba: ukitoka utarudije, utaongea na nani, ukiulizwa swali utajibu nini?

Lakini hofu inapungua ukipiga hesabu. Katika masaa 11, toa moja la foleni ya uhamiaji. Toa matatu ya kuwa umerudi uwanjani kabla ya ndege kuondoka. Toa mengine mawili ya barabarani, maana Mombasa Road jioni haina huruma, hata kama tangu 2022 kuna ile barabara ya juu ya kulipia. Yanabaki matano. Matano yanatosha kula ugali kwa shangazi, kupiga naye picha, na kurudi bila kukimbia.

Na kwa Nairobi, Mtanzania haombi viza. Unaonyesha pasipoti, inagongwa muhuri, unatoka. Kiswahili unacho. Kama tiketi yako ni moja mpaka mwisho wa safari, mara nyingi begi kubwa linatangulia lenyewe, ila muulize mtu wa kaunta kabla hujaondoka Dar. Muulize pia kama tiketi yako ina chumba cha kupumzikia, maana kuna mashirika yanayotoa hoteli abiria akisubirishwa muda mrefu. Wengi hawapewi kwa sababu hawakuuliza.

Huna shangazi? Chagua kitu kimoja tu. Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yana mifupa ya yule kijana wa Turkana iliyopatikana 1984, ya zaidi ya miaka milioni moja na nusu, na kiingilio cha mkazi wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko cha mtalii wa mbali. Ukipenda kuona jiji kwa juu, kuna jengo la KICC, limesimama katikati ya mji tangu 1973. Ukipenda wanyama, hifadhi ya Nairobi ya tangu 1946 iko upande huohuo wa mji. Ukitaka vyote vitatu kwa siku moja, hapo ndipo ndege inapokuacha.

Siyo kila jiji liko hivyo. Istanbul, kwa mfano, shirika la ndege la Uturuki huwatembeza bure abiria wake wa kimataifa wanaosubiri kati ya masaa 6 na 24, ila suala la viza ni lako mwenyewe. Kwa hiyo ujanja unaanza siku ya kukata tiketi. Na kama umechoka kweli, au unasubiri masaa manne tu, kaa, lala, hakuna atakayekucheka. Usiseme tu kwamba umefika.

Watu wa Ngara wangepaswa kulielewa hili kuliko wengi. Malori yanapita wilayani kwao kila siku kwenda Rusumo na Kabanga na mizigo ya Rwanda na Burundi. Dereva akilala Benaco usiku mmoja halafu akatangaza kwamba Ngara anaijua, Mugoma nzima itamcheka. Hajala ndizi za mtu, hajasalimiwa Kihangaza, hajui hata njia ya kwenda mtoni.

Kijana amefika Ulaya salama, anasoma. Siku akirudi, mama atamuuliza Nairobi kukoje, naye atasimulia viti. Shangazi bado yupo Embakasi, na tiketi ya kurudi inapita palepale.

Wewe ungekaa kwenye chaji, au ungetoka?