Mwendo wa Mtoto Jangwani



Katika likizo ndefu iliyopita, sisi waseminari watatu wa falsafa tulitumwa kufanya utume katika parokia moja pembezoni mwa jangwa la Chalbi, kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Mwezi Julai tulipata wageni: kijana aliyesoma nasi seminari ndogo, ambaye baadaye alitambua kwamba wito wake ni ndoa, pamoja na mke wake na binti yao wa miezi minane. Walitoka Nairobi kwa gari, lami hadi Marsabit, kisha mawe na vumbi. Walitaka kulitembea jangwa kwa miguu, na walitaka kulitembea wakiwa watatu.

Habari zilipofika parokiani kwao, maneno yakaanza. Kumpeleka mtoto mchanga jangwani ni akili kweli? Si wangemwacha kwa bibi yake? Wachache wakajibu kwamba Wagabra na Warendile wanahama na watoto wachanga katika nchi hiyo hiyo tangu zamani, na hakuna anayewashangaa. Kwa kuwa tulikuwepo, tumeulizwa mara nyingi tunaonaje. Maoni yetu ni haya: wazazi wale walifanya vema kumchukua mtoto, na walifanya vema zaidi kugeuka naye kabla ya kufika. Waliokosea ni sisi.

Tueleze kwanza tulivyokosea. Mpango ulikuwa wetu. Tungetoka kijijini hadi kwenye kundi la mikoma ng'ambo ya tambarare ya chumvi, kama kilomita sita kwenda na sita kurudi. Tungeondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, tufike saa moja, tupumzike kidogo, na saa tatu tuwe tumerudi kabla jua halijawa kali. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa vijana watatu wenye miaka 25. Mtoto hatukumweka katika hesabu. Tulimhesabu kama mzigo wa baba yake.

Alfajiri Chalbi ina upepo mkali, kwa hiyo mtoto alivikwa sweta na kofia. Tulisimama anyonye. Tulisimama atolewe mchanga jichoni. Tulisimama tena kwa sababu alilia, na hakuna aliyejua kwa nini. Saa mbili kasorobo tulikuwa bado hatujafika, ingawa mikoma tuliiona wazi. Katika tambarare ile kila kitu huonekana kiko karibu. Jua lilipoanza kuuma, baba alitandaza leso juu ya kibebeo ili kumkinga mtoto, na mtoto akanyamaza. Tulifurahi. Mmoja wetu akasema, "Afadhali amelala, sasa tuongeze mwendo."

Mzee wa Kigabra aliyetuongoza, mwenye ngamia mmoja aliyebeba maji, alisimama. Hakutuuliza sisi. Alimgeukia mama. "Mama, mtoto alikojoa saa ngapi?"

Mama alipeleka mkono kwenye nepi. Ilikuwa kavu tangu alfajiri. Alipoiondoa leso, hewa ya moto ilitoka kama mtu amefunua sufuria. Nywele za mtoto zilikuwa zimelowa jasho na mgongo wake ulikuwa na moto. Aliamka kwa shida, akatutazama bila kutuona.

Mzee alimpigisha ngamia magoti, akafunga shuka yake kwenye mizigo ikawa kivuli. Mtoto akavuliwa sweta. Mzee akamwambia mama anywe yeye kwanza, na anywe sana. Kisha mtoto akanyonya. Tulikaa pale zaidi ya nusu saa. Mtoto alipoanza kushika-shika kidole cha baba yake, mama alisema, "Tunarudi." Wawili kati yetu tulinong'ona kwamba imebaki kilomita moja tu. Mama hakubishana nasi. Mzee ndiye aliyesikia, akasema, "Mikoma haihami."

Tulirudi polepole, tukisimama kila mara. Karibu na kijiji mama alitangaza kwamba nepi imelowa, na hatujawahi kusikia habari ya nepi ikipokewa kwa shangwe kama ile. Jioni ile sista wa zahanati alimpima mtoto, akasema yuko salama. Kisha akatugeukia sisi, na maneno aliyotuambia tuliyastahili.

Baada ya kusikia haya, msomaji anaweza kusema: basi, si heri wangemwacha nyumbani? Hapa ndipo hatukubaliani.

Katika kitabu cha Kutoka, Farao alipoanza kulegea, alimuuliza Musa ni nani hasa watakaokwenda jangwani kumwabudu Mungu. Musa alijibu kwamba watakwenda wote, vijana na wazee, wana na mabinti. Farao akakataa. Wanaume waende, watoto wabaki (Kut 10:8-11). Alijua kwamba mwenye mtoto nyuma atarudi. Lakini tazameni jinsi pendekezo lake linavyofanana na desturi zetu. Binti anaimba kwaya miaka sita, anakwenda hija kila mwaka, anahudhuria jumuiya bila kukosa. Akijifungua, anatoweka. Hakuna aliyemfukuza. Tumepanga tu hija ya kilomita 20 bila kituo chenye kivuli, mazoezi ya kwaya hadi saa mbili usiku, na Misa ambayo mtoto akilia watu hamsini hugeuza shingo. Tunamwambia kwa vitendo: wewe na mtoto wako mtarudi kwetu akishakua. Baba naye hujifunza kwamba maisha ya imani na maisha ya nyumbani ni safari mbili tofauti.

Wengine husema mtoto wa miezi minane hatakumbuka chochote, kwa hiyo hakuna faida kumpeleka. Ubatizo wake naye haukumbuki, na bado Kanisa, katika kanuni ya 867 ya Sheria zake, linawataka wazazi wampeleke kisimani katika majuma ya kwanza. Hatusubiri akumbuke ndipo tumpe. Kinachomlea mtoto si yale tu anayoyakumbuka. Analelewa pia na kifua alichobebwa nacho, sauti alizozizoea, na wazazi ambao hawakuacha kuwa watu wenye furaha siku alipozaliwa. Papa Fransisko katika Amoris Laetitia, namba 261, anawakumbusha wazazi kwamba kutaka kutawala kila hali ya mtoto si malezi. Mtoto anayefichwa kila hatari hatajua kutembea.

Lakini kuna upande wa pili, na huo ndio uliotuuma sisi.

Seminarini tunafundishwa kujinyima. Tunaamka mapema, tunafunga, na tukipanda mlima tunaona fahari kufika kileleni na malengelenge miguuni. Hayo ni mema. Ila sadaka ina sharti moja: mtu hutoa kilicho chake. Tunaweza kutoa kiu yetu. Kiu ya mtoto hatuwezi kuitoa, kwa sababu si yetu, na yeye hawezi kuitoa kwa sababu bado hajui kutoa. Tulipotamani ile kilomita moja ya mwisho, tulikuwa tunalipia furaha yetu kwa mwili wa mtu ambaye hakuulizwa. Hilo haliwezi kuitwa ushupavu. Mtakatifu Toma wa Akwino, anapojadili fadhila ya nguvu katika Summa Theologiae, anaweka woga miongoni mwa maovu yanayoipinga, na kando yake anauweka pia ujasiri usio na kipimo. Tulikuwa tumesoma ukurasa huo na kufaulu mtihani wake.

Ndiyo maana mfano wa Wagabra, ambao wengi wanautumia, unahitaji kuangaliwa vizuri. Wakihama, fito za nyumba hufungwa juu ya ngamia, na watoto wadogo hupanda humo ndani, kwenye kivuli. Wanahama kwa sababu mifugo inahitaji malisho na maji, wala si kwa kujipima nguvu. Mtakatifu Yosefu naye alimchukua Mtoto na Mama yake usiku kwenda Misri kwa kuwa Herode alitaka kuua (Mt 2:13-15). Anayekwenda kwa lazima hubeba hatari asiyoweza kuikwepa. Sisi tuliokwenda kwa kupenda tulikuwa na uhuru wa kugeuka wakati wowote, na kwa hiyo tulikuwa na wajibu wa kuutumia.

Mwanafalsafa Mkatoliki Alasdair MacIntyre, katika kitabu chake Dependent Rational Animals cha mwaka 1999, analalamika kwamba falsafa ya maadili mara nyingi imemwandika mwanadamu kana kwamba ni mtu mzima mwenye afya daima, na wanaohitaji kubebwa ni watu wengine. Kumbe kila mmoja wetu alianza kwa kubebwa, na wengi tutamaliza hivyo. Ratiba yetu ya saa kumi na moja na nusu iliandikwa kwa ajili ya huyo mtu mzima wa vitabuni. Mzee wa Kigabra, kwa swali moja kuhusu mkojo, alituonyesha nani hasa alikuwa safarini.

Usiku ule, katika masifu ya jioni, mwenzetu mmoja alitukumbusha habari ya Yakobo na Esau. Ndugu hao wamepatana, na Esau anataka waongozane. Yakobo anaomba msamaha: watoto ni wachanga, kondoo na ng'ombe wananyonyesha, na wakiharakishwa hata siku moja watakufa. Esau atangulie. Yeye atafuata taratibu, kwa mwendo wa watoto (Mwa 33:13-14). Yakobo haoni haya kusema hivyo mbele ya ndugu mwenye watu mia nne. Hasemi watoto wabaki, wala hasemi watoto wakaze mwendo. Anabadilisha mwendo wa msafara mzima. Kwetu, hilo ndilo jibu la swali la parokia. Mtoto aende, na sisi wengine twende kama yeye.

Kwa familia zinazopenda matembezi, tunaandika hapa tuliyojifunza kwa sista, kwa mzee na kwa wazazi wenyewe. Mtoto aliye chini ya miezi sita asipelekwe matembezi marefu ya jangwani. Katika umri huo maziwa ya mama yanamtosha, kwa hiyo maji ya mtoto ni maji anayokunywa mama, na yasipungue. Akishapita miezi sita, anyonye mara kwa mara na apewe maji kidogo kidogo. Mtoto aliyebebwa hatembei: upepo wa alfajiri unamwingia baridi huku ninyi mnatoka jasho, na jua likipanda anapata joto lake na la kifua cha anayembeba. Msiamini mikono yake, mguseni shingoni na mgongoni. Msifunike kibebeo kwa nguo, kofia pana na mwavuli vinafaa zaidi kwa kuwa hewa inapita. Hesabuni nepi. Nepi kavu kwa saa nyingi, kilio kisicho na machozi, utosi uliobonyea, au usingizi usio wa kawaida maana yake ni kivuli, kunyonya, na zahanati bila kuchelewa. Gaweni maji mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la dharura. Mwambieni mtu mnakokwenda, maana sehemu kubwa ya Chalbi haina mtandao wa simu. Na kabla ya kuondoka, mkubaliane kwamba mama au baba akisema turudi, hakuna atakayeuliza imebaki kilomita ngapi.

Kwa wenzetu waseminari tuna neno moja zaidi. Mungu akipenda, siku moja tutapanga hija, Njia ya Msalaba na saa za Misa. Watu watatembea kwa mwendo tutakaouweka. Kabla ya kuandika ratiba, tumtafute mama mwenye mtoto mdogo kuliko wote parokiani, tumuulize ananyonyesha kila baada ya muda gani, na vituo tuviweke hapo. Musa aliwakumbusha Waisraeli kwamba jangwani Mungu aliwabeba kama mtu anavyombeba mwanawe (Kum 1:31). Waliokwenda kwa nguvu zao wenyewe hawakuwepo hata mmoja.

Wazazi wale wametuandikia kwamba wanataka kurudi Julai ijayo. Binti yao atakuwa anatembea mwenyewe, maana yake tutakwenda polepole zaidi. Tumewajibu waje. Safari hii ratiba ataiandika mama.