Tupande Gari la Polisi Bila Pingu

Uliza vijana kumi wa Kaptembwo, Rhonda au Bondeni kama washawahi kupanda Land Cruiser ya polisi. Wengi watacheka kwanza. Kisha watakuambia vile chuma cha huko nyuma huwa baridi, vile unaambiwa ukae chini sakafuni, na vile mambo ya "kuongea vizuri" huanza kabla gari halijafika kituoni. Hiyo ndiyo safari tunayoijua. Umetoka kununua chipsi saa nne usiku, taa zinakumulika, "nyinyi vijana, kujeni hapa," na kufumba na kufumbua wewe ni mzururaji.

Kuna safari ya aina nyingine. Marekani, idara nyingi za polisi humruhusu raia kukaa ndani ya gari la doria zamu nzima kama mtazamaji. Unajaza fomu, wanaangalia rekodi yako, unatia saini kwamba ukiumia hutawashtaki, basi unapewa kiti. Nataka kitu kama hicho kije Nakuru. Na nataka watakaopewa kiti hicho wawe hasa wale ambao kwa kawaida hubebwa huko nyuma.

Nimeifanya safari hiyo mara moja. Kituo sitakitaja, wala mitaa tuliyozunguka, kwa sababu walionibeba walinifanyia hisani. Sikupewa fomu yoyote. Nilimfuata mkubwa mmoja baada ya mkutano wa usalama mtaani, nikamwambia naandika mambo ya vijana, nikamsumbua kwa simu wiki tatu. Mwishowe akasema: "Kuja saa mbili usiku, vaa sweta, na usiguse kitu."

Tulikuwa watano: dereva, sajini mmoja wa makamo, makonstebo wawili na mimi. Ukweli ni kwamba saa nyingi za doria ni za kukaa tu. Dereva alizima injini kila tuliposimama ili asimalize mafuta. Tochi iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa ya sajini mwenyewe, aliinunua kwa pesa zake. Konstebo mmoja ni rika langu. Aliniambia chumba chake analala na mwenzake, kati yao pazia, na kwamba mamake kijijini hudhani ana nyumba ya serikali. Alicheka akisema hivyo, lakini si sana.

Tuliitwa kwa mama aliyepigwa na mumewe. Sajini alimwita "mama" na kuongea naye polepole mlangoni, akamweleza anaweza kuandikisha taarifa usiku huo huo. Mama alikataa. "Atapiga simu tena wiki ijayo," sajini akaniambia aliporudi garini, "na tutakuja tena." Hapo nilimheshimu.

Halafu, kama saa sita na robo hivi, tukakutana na vijana wawili wakitembea. Mmoja alikuwa na begi mgongoni, wote wawili wametoka kazini hotelini. Walisimamishwa, wakaulizwa vitambulisho. Mmoja alikuwa nacho, mwingine alikuwa na picha yake kwenye simu. Mifuko ikapekuliwa: chaja, funguo, shilingi mia mbili. Tochi ikawakaa usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha konstebo akageuka, akanitazama, akawageukia tena.

"Endeni nyumbani. Leo mko na bahati, tuko na mgeni."

Hakuisema kwa ubaya. Aliisema vile makanga anakuambia umepata siti ya mwisho. Wale vijana wakasema asante afande, wakaondoka wakitembea haraka bila kukimbia. Kila mtu wa mtaa anaijua hiyo mwendo.

Sasa nauliza, bahati ya nini? Hawakuwa na kosa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inasema ukikamatwa lazima uambiwe mara moja sababu, tena kwa lugha unayoelewa, na ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kuisha. Ni maneno mazuri, na kila mwanafunzi wa sheria anayajua. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na hata mimi nayajua.) Lakini pale barabarani usiku hakuna Kifungu cha 49. Kuna watu watatu waliochoka, tochi moja, na dakika mbili za kuamua kama utalala kwenu au seli. Na usiku huo uamuzi ulibadilika kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja asiye na bunduki ameketi hapo akitazama. Sikusema neno. Sikupiga picha hata moja.

Ukidhani natia chumvi kuhusu nyuma ya gari la polisi, kumbuka Kianjokoma, Embu, Agosti 2021. Benson Ndwiga, 22, na nduguye Emmanuel, 19, walikamatwa wakati wa kafyu. Familia yao ilikuja kupata miili katika mochari. Polisi walisema vijana hao waliruka kutoka gari likiwa linaenda. Maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji. Kesi ni ya korti na sitaisemea, lakini ona tatizo lilipo: kilichotokea ndani ya gari lile, waliokuwa ndani ya gari ndio pekee wanaojua, na wawili kati yao wamezikwa.

Tuna IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Sheria yake ya 2011 inairuhusu kukagua vituo na seli. Sawa. Lakini mara nyingi IPOA huja baada ya jambo kutokea, na gari la doria saa sita usiku si kituo. Waingereza walijifunza jambo kama hili kwa ubaya. Aprili 1981 vijana weusi wa Brixton, London, walichoka kusimamishwa na kupekuliwa ovyo, mtaa ukawaka moto. Jaji aliyechunguza, Lord Scarman, alipendekeza raia wa kawaida waruhusiwe kuingia vituoni bila taarifa na kuona waliofungiwa. Hadi leo kuna watu wa kujitolea wanaofanya hivyo. Wanaingia, wanauliza, wanaandika.

Najua mtakachosema. Cha kwanza, kwamba hii itakuwa maonyesho: kituo kitachagua watoto wa wenyewe, wapelekwe barabara zenye taa, wapigwe selfie na OCS. Hilo linanitia wasiwasi kuliko yote. Ndiyo maana majina yapigiwe kura ya bahati nasibu hadharani kwa chifu, na mtu asizuiwe kwa sababu aliwahi kulala seli kwa kuzurura. Mwenye boda aliyekamatwa mara nne ataona mambo ambayo mimi sikuyaona. Cha pili, mtaani utaitwa msnitch. Hilo lipo, na dawa yake ni wengi kuingia, si mmoja. Halafu kuna yule mama wa mlangoni. Hakuomba mtazamaji, kwa hivyo kwenye nyumba za watu mgeni abaki garini na simu ikae mfukoni. Usiku ule nilibaki garini, na mengi niliyasikia kupitia dirishani, jambo ambalo bado silifurahii.

Polisi nao watasema ni hatari. Ni kweli. Nakuru tunakumbuka 2022, wanawake walipouawa ndani ya nyumba zao Mawanga na mji mzima ukaogopa genge la Confirm. Kuna usiku ambao raia hafai kuwa ndani ya gari, na kamanda awe na haki ya kusema leo hapana. Lakini aandike sababu.

Hakuna haja ya kungoja Bunge. Kifungu cha 244 cha Katiba tayari kinawaagiza polisi kujenga uhusiano mwema na jamii. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inataja Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, mwenyekiti wake akiwa gavana au mtu wa serikali yake aliyemteua, na kati ya wanachama wake kuna kiti cha mwakilishi wa vijana. Je, unamjua wa Nakuru? Mkutano wa usalama unaofuata mtaani kwenu, kabla ya ile hotuba ya madawa ya kulevya, inua mkono uulize huyo mtu ni nani. Kisha muulize OCS fomu ya kupanda gari inapatikana dirisha gani.