Hoteli za kifahari zisisogezwe ukingoni mwa ziwa

Mhariri,

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021, hamu ya kujenga hoteli za kifahari kando ya Ziwa Naivasha, katika kaunti hiyo hiyo, imezidi. Wageni wanavutiwa na mifunjo, ndege na viboko wanaotoka majini usiku kula nyasi. Lakini maziwa ya Bonde la Ufa, likiwemo Naivasha, yamefura kwa zaidi ya mwongo mmoja. Hata lango kuu la zamani la Mbuga ya Ziwa Nakuru lilimezwa na maji. Kujenga ukingoni ni kujitakia mafuriko na kuwafungia wavuvi na wafugaji njia ya kufika majini. Naivasha imelindwa na Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhioevu tangu 1995. Naisihi serikali ya kaunti isiidhinishe jengo lolote jipya ukingoni.

Msomaji,
Nakuru.