Kompyuta ikigoma kuwaka, usikimbilie kununua nyingine

Kompyuta ya mezani inayowaka leo na kugoma kesho huenda bado ni nzima. Kabla ya kugusa pesa ya ada, ichunguze.

Anza ukutani. Chomeka chaji ya simu kwenye soketi ileile. Isipopeleka moto, tatizo ni soketi au ekstensheni. Kisha sukuma vizuri waya unaoingia nyuma ya kompyuta. Kama ni ya mtumba na ina kiswichi chekundu nyuma, kiwe kwenye 230, siyo 115. Watoto wakatazwe kukichezea.

Bado? Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15, kisha chomeka ujaribu tena. Ikizidi kusumbua, shuku pawa saplai. Usiifungue nyumbani: hata ikichomolewa hubaki na umeme unaoweza kuua.

Tanga na Pangani, hewa ya bahari ina chumvi na unyevu unaokula maungio. Mwombe fundi asafishe vumbi na meno ya ramu kabla ya kubadili kifaa.

Siku itakapowaka, nakili kwanza mafaili ya watoto na hesabu za duka kwenye flashi.