Safari ya Indonesia Ianzie Mashambani

Tangu Rais Joko Widodo wa Indonesia alipoizuru nchi yetu mwezi wa Agosti 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan naye akaenda Jakarta mwezi wa Januari 2024, jina la nchi ile limekuwa likisikika mara kwa mara maofisini na hata barazani. Wapo maofisa wanaotazamia kwenda huko kwa mara ya kwanza, wapo wafanyabiashara, na wapo vijana wanaotafuta masomo. Si jambo baya. Lakini safari ni gharama, na gharama hiyo inapotoka katika mfuko wa umma wananchi wanayo haki ya kuuliza: ndugu zetu hawa wanakwenda wapi hasa, na watarudi na nini?

Tunauliza kwa sababu safari ya kwanza ya Indonesia, ikiachiwa wauza tiketi, huwa ni Jakarta na Bali: siku mbili za mikutano, siku tatu za ufukweni. Mtu wa Unguja kuvuka bahari nzima kwenda kutazama mchanga na minazi ni kichekesho. Nchi ile ina visiwa zaidi ya 17,000, na viwili vitatu kati ya hivyo vinatuhusu sisi kuliko vinavyomhusu mgeni mwingine yeyote.

Karafuu si mzaliwa wa Pemba. Asili yake ni visiwa vidogo vya Maluku ya Kaskazini: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, iliikata mikarafuu ya visiwa hivyo na kuamuru karafuu zilimwe Ambon na visiwa jirani tu, ili bei iwe mkononi mwake peke yake. Amri hiyo ilidumu hadi Wafaransa, kwa juhudi za Pierre Poivre, walipoitorosha miche na kuifikisha Mauritius mwaka 1770. Kutoka huko ndipo mbegu ilipofika Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19. Yaliyofuata, ya mashamba na utumwa, tunayajua wenyewe.

Basi wakaja kuwa wanunuzi wetu. Waindonesia huchanganya karafuu na tumbaku katika sigara ziitwazo kretek, na kwa miaka mingi viwanda vyao vilikula karafuu nyingi za Unguja na Pemba. Serikali yao ikaamua kupanda mikarafuu kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 walikuwa karibu wanajitosheleza. Bei ya dunia ikaanguka, na nyumba nyingi za Pemba zikaonja machungu ya uamuzi uliofanyika ng’ambo ya bahari. Leo Indonesia ndiyo mlimaji mkubwa wa karafuu duniani, na ndiyo mtumiaji mkubwa pia.

Kwa hiyo msafiri wetu wa kwanza akifika Jakarta asilale. Aende Kudus, katika Jawa ya Kati, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari kutoka mji wa Semarang, akaone wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakisokota kretek kwa mikono. Aende Ternate, chini ya mlima Gamalama, akaone mikarafuu ikikua katika udongo wake wa asili. Akaulize jinsi wanavyokusanya hata majani makavu yaliyoanguka chini na kuyakamua mafuta. Sisi tunacho kiwanda cha makonyo Pemba; habari za majani zinatufaa.

Na asisahau kuuliza habari za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo, chini ya utawala wa Suharto, liliundwa shirika moja la kununua karafuu zote za nchi, na kiongozi wake alikuwa mtoto wa Rais mwenyewe, Tommy Suharto. Mkulima alilipwa kidogo mno, na wako waliochoka wakaacha karafuu mtini au wakaikata mikarafuu yao. Shirika lile lilivunjwa mwaka 1998. Hatusemi kwamba ununuzi wa umma ni kosa. Visiwa hivi vina sababu zake za kuwa na mnunuzi mmoja tangu 1968. Tunasema mwenye dhamana ya bei hana budi kuisikia hadithi hiyo kutoka kwa waliopandisha ngazi mikarafuuni, si kwa wenyeji wake wa hotelini.

Jambo la pili ni mwani. Mbegu ya mwani unaolimwa Paje na Jambiani tangu 1989 ilitoka Ufilipino, jirani yao, na Sulawesi ya Kusini leo ni moja ya mahali panapolimwa mwani kwa wingi mkubwa duniani. Kina mama wetu wamelalamika miaka mingi kwamba maji ya pwani yamekuwa ya moto na ule mwani wenye bei nzuri unakufa. Kule wengi huufunga kwenye kamba zinazoelea katika maji ya kina, mbali na mchanga unaochemka kwa jua. Kamba, boya na ngalawa: hiyo ni teknolojia tuiwezayo, ila inataka kuonwa kwa macho na mtu anayejua kufunga mwani.

Sasa wakati wa kwenda. Jawa na Bali mvua zao huanza yapata Novemba hadi Machi, lakini Ambon mambo ni kinyume: mvua kubwa ni za Juni na Julai, wakati kwetu kusi linavuma. Asiyejua hilo atapanga ziara ya mashamba akaishia barazani akitazama maji. Wiki ya Idi el Fitr pia haifai, kwani mamilioni ya watu hurejea vijijini kwao na tiketi hazipatikani. Na Bali ina siku yake ya Kihindu, Nyepi, ambapo hata uwanja wa ndege hufungwa saa 24. Tofauti ya saa nayo izingatiwe: Jakarta iko mbele yetu kwa saa 4, Ternate kwa saa 6.

Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi. Habari za viza ziulizwe ubalozini kabla tiketi haijanunuliwa, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano isiachwe nyumbani. Kwa vijana tunaongeza neno moja kwa ukali: usimbebee mtu mzigo usioujua. Sheria ya nchi ile juu ya dawa za kulevya ni pamoja na adhabu ya kifo, na machozi ya mama hayaibadilishi.

Lugha isimtishe mtu. Mwenyeji atasema “Apa kabar?”, na kabar hiyo ndiyo habari. Wakati ni waktu, karatasi ni kertas, sabuni ni sabun, na dunia ni dunia. Bendera ni bendera na meza ni meja, maana Wareno walipita kwao kama walivyopita kwetu. Sultan Babullah wa Ternate aliwafukuza mwaka 1575. Waislamu wao kwa wingi ni wafuasi wa Imam Shafi, na siku ya Ijumaa msafiri wetu hatajiona mgeni.

Limebaki suala la nani apande ndege, na hapa ndipo tunapowaomba wakubwa wapunguze haya ya itifaki. Ujumbe wa watu sita ukiwa na wakurugenzi sita utarudi na picha sita. Ukiwa na wakurugenzi wawili, ofisa mmoja wa kilimo, mchumaji mmoja wa karafuu kutoka Wete au Mkoani, na kina mama wawili wa mwani kutoka Kusini Unguja, gharama ni ile ile. Kama pasipoti hawana, zishughulikiwe mwezi huu, kabla majina hayajajaa.