Rangi Inayofifia na Lawama Zisizokwisha

Imekuwa ada siku hizi kadi ya nikaha, kalenda ya Ramadhani au jarida la madrasa kupambwa kwa rangi inayofifia: buluu iliyokolea juu, ikipungua taratibu hadi nyeupe chini, mfano wa anga la alfajiri. Kwenye kioo cha kompyuta hupendeza. Kazi inapotoka mashineni, ndani ya buluu ile huonekana mistari kama ngazi, na hapo lawama huanza. Familia humlaumu kijana aliyepanga kurasa, kijana humlaumu mchapaji, na mchapaji naye huonyesha faili aliloletewa. Fedha zimekwisha lipwa na siku ya shughuli imekaribia. Tumeona vyema tueleze chanzo chake, kwani vijana wengi wa nyumba zetu wanatafuta riziki kwa kazi hii.

Kompyuta haina rangi inayoteleza bila kukatika. Inayo madaraja ya kuhesabika. Kwa kawaida kila rangi ya msingi hugawanywa katika madaraja 256. Anayefifisha weusi kutoka asilimia 40 hadi 20 ametumia moja ya tano tu ya madaraja hayo, yaani 51 hivi. Akiyatandaza juu ya karatasi ya A4, yenye urefu wa milimita 297, kila daraja litakuwa na upana wa karibu milimita 6, na jicho halitakosa kuliona.

Printa nayo ina mipaka yake. Haina wino wa kijivu. Hupanga nukta nyeusi, chache au nyingi, jicho likadhani limeona kijivu. Printa ya nukta 600 kwa inchi, ikichapa safu 100 za nukta kwa inchi, ina nafasi 6 kwa 6 katika kila kisanduku, hivyo hupata madaraja 37 tu, weupe ukiwemo. Mtambo wa kiwandani wa nukta 2,400 kwa safu 150 una nafasi 16 kwa 16, hivyo hupata madaraja 257. Ndiyo maana faili lilelile huwa laini huku, likawa na ngazi kule, wala hakuna aliyefanya hiana.

Lalamiko la pili ni rangi kufubaa katikati. Nyekundu ikifififia kuelekea weusi mtupu, katikati wekundu umekwisha pungua nusu na weusi haujakamilika, basi hutokea rangi kama ya vumbi. Dawa yake ni kuubakiza wekundu ule ndani ya weusi, ili kinachoongezeka kiwe weusi peke yake. Vilevile manjano na buluu za kioo hukutana katika kijivu. Anayepanga huweka rangi ya tatu katikati, aichague mwenyewe.

Kuhusu ngazi, tunawausia vijana mambo matatu. Kwanza, pawe na tofauti kubwa baina ya rangi ya mwanzo na ya mwisho, au eneo la kufifisha lifupishwe. Pili, juu ya rangi zinyunyizwe chembechembe hafifu ambazo programu za picha huweza kuzitia. Hizo huvunja kingo za madaraja. Tatu, ichapwe nakala moja ya majaribio kwenye mashine ileile na karatasi ileile itakayotumika.

Nanyi wazazi na wenye shughuli, nakala hiyo moja inahitaji muda. Anayeleta kazi leo jioni akaitaka kesho asubuhi amemnyima kijana nafasi ya kuijaribu, kisha humkata ujira kwa kosa ambalo jaribio lingelifichua. Tuwape siku mbili tatu, tuikague nakala ya kwanza pamoja nao kwenye mwanga wa mchana, kisha ndipo turuhusu mia tano zilizobaki zichapwe.